Shajara ya mradi: tarehe za kuzaliwa zisizokamilika

Jumatatu, 3 Machi

Chama cha akiba na mikopo mkoani Tanga kinahamia mfumo mpya. Kazi niliyopewa ni kutoa taarifa za wanachama kwenye hifadhidata ya zamani ya MySQL, iliyokuwa ikisomwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, na kuziingiza kwenye hifadhidata mpya ya PostgreSQL, ambako programu mpya ya Python itazisoma. Wanachama wengi ni wastaafu wa mashamba ya mkonge, watoto wao, na wajukuu waliofunguliwa akaunti za watoto. Umri wao nautaja kwa sababu naona kabisa kazi nzima itaning'inia kwenye safu moja ya jedwali: `tarehe_kuzaliwa`.

Jaribio la leo la kuhamisha halikufika mbali. PostgreSQL imegoma:

    ERROR: date/time field value out of range: "0000-00-00"

Ina haki. Kwenye kalenda yake mwaka sifuri haupo, wala mwezi sifuri, wala siku sifuri. MySQL nayo, tangu toleo la 5.7, hukataa tarehe za sifuri kama ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida. Lakini kwenye seva hii `sql_mode`, mpangilio unaoamua ukali wa ukaguzi, imeachwa tupu. Mtu aliboresha toleo, programu ya zamani ikaanza kulalamika, akaona rahisi zaidi kumnyamazisha mlinzi.

Njia ya mkato ipo: pgloader, programu ya kuhamishia data PostgreSQL, yenyewe hugeuza tarehe za sifuri kuwa NULL, yaani pasipo na thamani, na kazi inaisha kabla ya chai ya saa nne. Sijaichukua. Kwanza nataka kujua sifuri hizi zimetoka wapi.

Jumanne, 4 Machi

Sifuri si za aina moja. Bahati nzuri fomu za karatasi zimehifadhiwa kabatini ofisini, na kijana wa masijala amenipigia picha za zile nilizomtajia namba.

Baadhi ya fomu hazikujazwa kabisa. Programu ilituma maneno matupu, MySQL ikayaandika `0000-00-00` na kutoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Nyingine zimejazwa, ila siku yenyewe haipo duniani: 30/2/1979, 31/6/1984. Hapo pia MySQL isiyokagua kwa ukali haikatai. Inafuta tarehe nzima na kuweka sifuri. Kwa hiyo mwanachama aliyeandika kwamba alizaliwa 1979, akakosea siku tu, amepotezewa hata mwaka. Karatasi inajua zaidi ya hifadhidata.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifurahisha: `1952-00-00`, `1949-03-00`. Huyu aliyeingiza alikuwa anajua anachofanya. MySQL inaruhusu siku na mwezi kuwa sifuri, na mwongozo wake unaeleza kwamba ni kwa ajili ya hali kama hii, tarehe za kuzaliwa ambazo mtu hazijui zote. Ukiiuliza `YEAR('1952-00-00')` inajibu 1952 bila wasiwasi. Ukiiomba ihesabu siku kati ya tarehe hiyo na leo, inajibu NULL. Sawa kabisa.

Nimeona pia chanzo cha lalamiko la siku nyingi, kwamba kadi za baadhi ya wanachama zimechapwa "30/11/-0001". Watu walidhani ni kirusi. Ni hesabu tu ya PHP. Inapopewa `0000-00-00` haikatai, inarudi nyuma: mwezi wa sifuri ni mwezi ulio kabla ya Januari ya mwaka 0, yaani Desemba ya mwaka -1, na siku ya sifuri ya Desemba ni siku iliyo kabla ya tarehe mosi, yaani 30 Novemba. Kila hatua ina mantiki yake, na mwisho wa yote mzee wa watu anakabidhiwa kadi inayosema alizaliwa kabla ya Yesu.

Jambo la pembeni kwa atakayekuja kupekua MySQL kama hii: safu ya tarehe ikiwa imetangazwa NOT NULL, sharti la `IS NULL` hukuletea mistari yenye `0000-00-00`. Wameiandika kwenye mwongozo, si hitilafu. Lakini ukihesabu wasio na tarehe kwa njia hiyo utadhani kuna NULL mahali ambapo NULL haiwezi kuwapo.

Alhamisi, 6 Machi

Upande wa Python. Hapa ndipo data inaweza kupotea bila mtu kusikia mlio wowote.

`date(1952, 0, 0)` kwenye Python hutupa `ValueError`, kama inavyotakiwa. Ila kabla data haijafika kwangu inapita kwa dereva wa hifadhidata, kile kiunganishi kati ya Python na MySQL, na kila dereva ana tabia yake. mysql-connector-python ikishindwa kutengeneza tarehe hurudisha `None`. Basi `1952-00-00` inaingia ina mwaka, inatoka haina kitu. PyMySQL ikishindwa hukurudishia maandishi yenyewe, `'1952-00-00'`, kwa hiyo safu moja inakuletea mara tarehe, mara maneno, na programu inaangukia mbali na pale tatizo lilipoanzia. Kati ya hizo mbili naipenda ya pili. Angalau inaanguka.

Sitaki kutegemea tabia ya dereva yeyote. Nimeiomba MySQL inipe maandishi tu, `CAST(tarehe_kuzaliwa AS CHAR)`, na kuyasoma mwenyewe sehemu moja:

    def soma_tarehe(ghafi):
        if ghafi is None:
            return Tarehe(None, None, None)
        mwaka, mwezi, siku = (int(x) or None
                              for x in ghafi.split("-"))
        if mwaka and mwezi and siku:
            date(mwaka, mwezi, siku)  # hugoma kama siku haipo
        return Tarehe(mwaka, mwezi, siku)

Sifuri inageuka `None` kwa kila kipande peke yake, si kwa tarehe nzima. Hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kugusa tarehe ghafi. Nimekuta programu ya zamani ikikagua `== '0000-00-00'` kwenye mafaili tele, kila faili kwa namna yake, na mengine yamesahau.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda ofisini kwa chama na orodha ya mistari yenye utata. Mama katibu anawajua wanachama wake kwa nyuso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta zile sifuri zako?"

Nikamwonyesha fomu iliyoandikwa "—/3/1949". Nilitaka kujua kama siku iliachwa kwa haraka au haijulikani.

"Siku yenyewe hajui, ila Machi anaijua. Mama yake alimwambia masika yalikuwa ndiyo yanaanza. Usimwekee tarehe ya kubuni. Kuna mwaka mfumo ulimwandikia mosi, akaja kuniuliza nani aliyekuwepo akamwona anazaliwa."

Kuna fomu iliyoandikwa "mwaka wa Uhuru" mahali pa tarehe. Hiyo ni 1961 na haina mjadala. Nyingine imeandikwa "baada ya Azimio". Azimio la Arusha lilikuwa Februari 1967, lakini "baada" inaweza kuwa mwezi au miaka mitatu. Mama katibu akaniambia niiache, atampigia simu binti yake. Nimeongeza hali ya "anaulizwa" kwenye orodha yangu, kitu ambacho hakikuwemo kwenye mpango nilioandika wiki iliyopita.

Jumatano, 12 Machi

Muundo wa safu. Mwenzangu anayetengeneza kurasa alipendekeza safu moja ya aina ya `date`, na pembeni yake bendera ya "ni makadirio". Si wazo baya. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa 2004 na kutumika mapema kule Eldoret, unafanya hivyo: tarehe ya kuzaliwa, na pembeni alama kwamba imekadiriwa. Kliniki mgonjwa husema "nina miaka kama hamsini", karani hubonyeza umri, na mfumo huweka 1 Januari ya mwaka unaolingana.

Kwetu haitoshi, kwa sababu bendera haisemi ni kipande kipi kinachojulikana. Mzee wa Machi 1949 na mzee wa 1949 tupu watafanana. Viwango vya kubadilishana taarifa vimeshalikubali jambo hili: FHIR ya mambo ya afya inapokea tarehe yenye mwaka tu au mwaka na mwezi, na ISO 8601-2 ya 2019 inaruhusu kuandika `1949-03-XX`. Nimeamua kutenganisha vipande:

    kuzaliwa_mwaka  smallint,
    kuzaliwa_mwezi  smallint
        CHECK (kuzaliwa_mwezi BETWEEN 1 AND 12),
    kuzaliwa_siku   smallint,
    kuzaliwa_ghafi  text,
    kuzaliwa_chanzo text NOT NULL,
    CHECK (kuzaliwa_mwezi IS NULL
           OR kuzaliwa_mwaka IS NOT NULL),
    CHECK (kuzaliwa_siku IS NULL
           OR make_date(kuzaliwa_mwaka, kuzaliwa_mwezi,
                        kuzaliwa_siku) IS NOT NULL)

Siku haikai bila mwezi, mwezi haukai bila mwaka, na `make_date` inakataa 30 Februari kabla haijaingia. `kuzaliwa_ghafi` inahifadhi kilichoandikwa kwenye fomu neno kwa neno, hata kama ni "mwaka wa Uhuru". `kuzaliwa_chanzo` inasema tumekipata wapi: fomu, kitambulisho, simu, au mfumo wa zamani.

Mwenzangu kasema ni safu nyingi mno kwa siku moja ya kuzaliwa. Kweli ni nyingi.

Ijumaa, 14 Machi

Umri. Hapa ndipo tarehe pungufu inapogusa fedha za watu, nami nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kanuni ya chama ni kwamba mkopo uwe umeisha kabla mkopaji hajatimiza miaka 70. Mfumo wa zamani ulikuwa ukihesabu umri kwa kutoa miaka, na mwenye `0000-00-00` alionekana ana miaka zaidi ya elfu mbili. Wakanyimwa mikopo kimyakimya, karani akawa anaipitisha kwa mkono, mpaka ikawa desturi kwamba "mfumo ukikataa, mwambie fulani".

Badala ya umri mmoja, sasa programu inatoa mipaka miwili: siku ya mapema kabisa ambayo mtu angeweza kuzaliwa, na ya mwisho kabisa. Aliyeandika 1956 tupu amezaliwa kati ya 1 Januari na 31 Desemba 1956, kwa hiyo atatimiza 70 siku fulani ndani ya 2026. Akiomba mkopo utakaoisha Desemba 2025, jibu ni ndiyo, maana hata kwa tarehe mbaya kuliko zote bado hajafika. Ukiisha Januari 2027, jibu ni hapana, maana hata kwa tarehe nzuri kuliko zote ameshapita. Ukiisha Juni 2026, mfumo haujui, na unatakiwa kusema haujui. Ombi linakwenda kwa mama katibu likiwa na maelezo ya kipande kinachokosekana.

Kilichonishangaza ni jinsi maombi ya "sijui" yalivyo machache. Wengi ambao tarehe zao ni pungufu wako mbali na mpaka, upande huu au ule, na mwaka peke yake unatosha kabisa kuamua. Ndiyo maana kuufuta mwaka kwa sababu siku haipo ni hasara kubwa hivi.

Tarehe kamili nazo zina visa vyake. Aliyezaliwa 29 Februari 1956: Python ukiiambia `replace(year=2026)` inagoma, kwa kuwa 2026 haina siku hiyo. Tumekubaliana kwamba anatimiza miaka yake tarehe 1 Machi, na nimeliandika kwenye majaribio ili asije mtu akalibadilisha kwa bahati mbaya.

Jumanne, 18 Machi

Wanachama ambao hawajazaliwa bado. `2052-03-14`, `2047-11-02`, na wengine.

Fomu zinasema 14/3/52 na 2/11/47. Programu ya zamani ilipanga vipande na kutuma mwaka wa tarakimu mbili, MySQL ikaujaza karne. Kwake 70 hadi 99 ni miaka ya 1900, na 00 hadi 69 ni ya 2000. Python nayo, ukitumia `%y`, inakatia 69: "69" kwake ni 1969, wakati kwa MySQL ni 2069. Orodha tuliyoletewa na tawi moja ilipitia Excel, ambayo kwa kawaida hukatia 30. Herufi mbili zilezile, karne tofauti, kutegemea zimepita mlango gani.

Zenye mwaka ambao haujafika ni rahisi: ondoa miaka mia na uandike kwenye chanzo kwamba karne imerekebishwa. Ngumu ni "12". Ni mjukuu wa 2012 au babu wa 1912? Hapo tarehe ya kujiunga inasaidia. Aliyejiunga 1998 hawezi kuwa wa 2012. Aina ya akaunti nayo inasaidia. Waliobaki bila jibu nimewaachia mwaka wazi na kuwaweka kwenye orodha ya simu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimefanya kile nilichopaswa kukitazama kabla ya mambo yote: nimepanga wanachama kwa mwezi na siku ya kuzaliwa, bila mwaka. 1 Januari inazipita siku nyingine zote kwa mbali. Inafuata 1 Julai.

Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko sifuri. `0000-00-00` inajitangaza yenyewe, hakuna anayeiamini. `1958-01-01` inapita kila ukaguzi niliouandika: mwezi upo, siku ipo, umri unaingia akilini. Lakini nyingi ni za kubuni, zimewekwa na karani ambaye skrini ilimkatalia kuendelea mpaka ajaze siku. Fomu iliyolazimisha jibu imepata jibu. Na mfumo ulikuwa na huduma ya kutuma ujumbe wa heri ya kuzaliwa, kwa hiyo kila Mwaka Mpya chama kilikuwa kikilipia rundo la ujumbe kwa watu ambao siku yao si hiyo.

Siwezi kuzishusha zote kuwa mwaka tu, maana wapo waliozaliwa 1 Januari kweli. Nimetumia karatasi kama mwamuzi. Fomu ikiwa na mwaka peke yake, nafuta mwezi na siku. Fomu ikiwa na 1/1 imeandikwa kwa mkono wa mwanachama, inabaki. Wenye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wana njia nyingine, kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza. Ikikubaliana na yetu, chanzo kinakuwa kitambulisho. Ikitofautiana, sibadilishi kitu, naonyesha zote mbili kwa mama katibu. Hata ya kitambulisho inaweza kuwa 1 Januari ya kukadiria, ila hiyo ndiyo tarehe ambayo mwanachama anatambulika nayo kisheria na ndiyo ambayo bima ya mkopo itaitaka.

Nimezibadilisha namba hizo kwenye data ya majaribio kabla ya kumpa mwenzangu nakala. Namba inayobeba siku ya mtu ya kuzaliwa si ya kutembea nayo kwenye kompyuta za mapajani.

Jumatatu, 24 Machi

Kwenye kivinjari. Mwanachama aliyezaliwa 26 Aprili 1964, siku ya Muungano, anaonekana amezaliwa tarehe 25. Ukurasa ulikuwa ukitengeneza `new Date(1964, 3, 26)`, yaani saa sita usiku kwa saa za hapa, kisha kuituma kwa `toISOString()`, ambayo hurudisha saa tatu nyuma kufuata UTC, saa ya kimataifa. Inatoka `1964-04-25T21:00:00.000Z`, na seva inachukua herufi kumi za mwanzo. Wasio na tarehe nao walionyeshwa 1 Januari 1970 saa tisa usiku, kwa kuwa `new Date(null)` ni sifuri ya saa ya kompyuta ikisomwa Tanga.

Tumekubaliana: siku ya kuzaliwa si tukio lenye saa. Inasafiri kama vipande vitatu na haigeuzwi `Date` popote. Skrini inaonyesha "Machi 1949" au "1952", au mstari mtupu. Mwenzangu ameondoa sharti la kujaza siku kwenye fomu mpya bila mimi kumwomba.

Orodha ya wanachama kwa umri nayo iligeuka baada ya kuhama: MySQL inapopanga kwa kupanda huweka NULL juu, PostgreSQL huziweka chini. Nimeandika `NULLS LAST` waziwazi.

Ijumaa, 28 Machi

Uhamishaji umepita kwenye seva ya majaribio bila mstari hata mmoja kukataliwa. Peke yake hilo halinipi raha, kwa hiyo nimelinganisha upya na picha za fomu: kila mwaka uliopo kwenye karatasi nilizopigiwa upo sasa kwenye hifadhidata, pamoja na ile 1979 iliyokuwa imemezwa na 30 Februari. Siku ya fomu hiyo imebaki wazi, na ghafi inasema "30/2/1979" kama ilivyoandikwa.

Orodha ya kupigiwa simu iko kwa mama katibu. Ameniomba niipange kwa vijiji badala ya namba za uanachama, kwa sababu wengine atawakuta sokoni. Binti wa yule mzee wa "baada ya Azimio" amejibu: 1968, mwezi hajui.

Jumanne naanza jedwali la mikopo. Nimelichungulia tayari. Lina safu tatu za tarehe, moja inaitwa `tarehe`, nyingine `tarehe2`, ya tatu ni ya maandishi na mtu ameandika ndani yake "ile ya mwisho wa mwezi".